Nyundo Isiyoazimwa

Haya alinisimulia Mwanabaraka, mke wa Mudathir, Jumanne moja ya mwanzo wa vuli, tukichagua mchele barazani kwangu hapa Kinyerezi. Na pale ambapo yeye hakuwepo, mama mkwe wake Bi Hija alinijazia kesho yake. Sikuyatia chumvi. Yalikuja na chumvi yake.

Mudathir alikuwa fundi wa misitu huko milimani Morogoro, kwenye kituo wanachokiita Lubanga. Mtaani tulimwita bwana miti. Kazi yake ilikuwa kupanda mlima asubuhi na kamba ya kupimia, kuhesabu miti, kukagua mipaka ya hifadhi, kufuata nyayo za wakata mbao wa kuibia, na kushuka jioni kuandika ripoti. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi, siku tatu au nne. Ijumaa ile alishuka na begi la mgongoni limemwelemea upande mmoja, kwa sababu ndani mlikuwa na nyundo.

Si nyundo ya misumari. Ile ina kichwa kizito cha chuma, na usoni pake zimechongwa herufi na namba, zimegeuzwa kama za muhuri. Ukiipiga kwenye kichwa cha gogo, namba inabaki kwenye mti. Gogo lenye alama ile ni gogo halali. Lori likisimamishwa njiani, mkaguzi haangalii sura ya dereva, anaangalia namba. Na kila namba ina mtu wake. Ndiyo maana sheria yao ni kwamba nyundo inalala ndani ya sefu ya ofisi, na anayeichukua anaandikwa daftarini saa aliyoichukua na saa aliyoirudisha.

Sasa ilikuwaje ikaja kulala Kinyerezi? Mkuu wake wa kituo, Bwana Edgar, alimwambia kuwa Jumatatu kuna magogo yaliyokamatwa kwenye geti la mazao ya misitu, njia ya Pugu, yanataka kugongwa alama. Ya nini kupanda tena mlimani kuifuata nyundo? Nenda nayo tu, uanzie hukohuko. Alimwambia kwa mdomo. Mudathir akaitia begini, akashukuru kupunguziwa safari.

Alipokaribia kwake alikuta turubai limesimamishwa kwa jirani. Mzee Marijani, aliyekuwa mwalimu wa madrasa ya pale, alikuwa amefariki alfajiri. Mwanawe, Aiman, mwenye yadi ya mbao kule barabarani, alikaa kwenye kiti cha plastiki akipokea pole. Mudathir alikwenda moja kwa moja, begi mgongoni, akainama akampa mkono. Aiman akaushika ule mkono muda mrefu. Kisha akauliza, kwa ule utani wa chinichini ambao wanaume huutumia msibani ili wasilie, begi zito vile, amewaletea viazi vya mlimani?

"Viazi vya serikali hivi, braza," Mudathir akasema. "Nyundo. Jumatatu nina kazi getini."

Basi. Hakusema zaidi ya hayo. Aiman akatikisa kichwa, akasema Mungu amlipe kwa kuja.

Mazishi yalikuwa baada ya alasiri. Mudathir aliliweka begi chini ya kitanda, akaoga, akavaa kanzu, akatoka. Mwanabaraka alikuwa keshatangulia upande wa wanawake. Nyumbani akabaki Bi Hija peke yake, anatafuta mfuniko wa lile sufuria lake kubwa ambalo mtaa mzima hulipikia. Ndipo akasikia hodi mlango wa uani, na aliyeingia ni mfiwa mwenyewe.

Aiman alimwamkia shikamoo, akainamisha macho. Akasema vigingi vya turubai vinang'oka, upepo mkali, na wao kule hawana kitu kizito. Anaomba ile nyundo ya Mudathir. Bi Hija akapiga magoti, akalivuta begi, akaitoa nyundo kwa mikono miwili, maana mkono mmoja haukutosha. Aiman akaiviringisha kwenye taulo, akaenda zake.

"Msibani hunyimi mtu maji, mkeka, wala chombo," Bi Hija aliniambia. "Na aliyeomba ni mfiwa, machozi hayajamkauka. Ningemwambia nini, shoga yangu? Ngoja mwenyewe arudi?"

Jeneza likatoka. Mudathir alitia bega mbele, upande wa kulia, kwa sababu marehemu ndiye aliyemfundisha alifu na be. Wenzake walipotaka kumpokea alikataa, akaenda nalo hadi makaburini. Usiku akalala turubaini na wanaume wengine, kama ilivyo ada, na Mwanabaraka akalala ndani na wanawake. Chini ya kitanda hakuchungulia mtu.

*

Jumamosi asubuhi walikuwa wanakunywa chai na mihogo. Bi Hija akasema, kama mtu anayekumbuka chumvi:

"Nyundo yako imerudi, mwanangu. Nimeisimamisha nyuma ya mtungi."

"Nyundo ipi, mama?"

"Si hiyohiyo uliyokuja nayo? Aiman aliiazima jana ya vigingi. Dada yake kaileta sasa hivi."

Mudathir alikiweka kikombe pembeni ya meza, na sehemu kubwa ya kikombe ikawa hewani. Kikaanguka. Hakuna aliyeinuka kupangusa. Alikwenda jikoni, akaichukua nyundo, akatoka nayo uani kwenye mwanga. Ilikuwa safi kuliko ilivyokuja, imepanguswa kama kitu kinachopelekwa dukani, na inanuka mafuta ya taa. Akamwomba mkewe sindano. Akaanza kuchokoa kwenye mikunjo ya namba, polepole, na kwenye tumbo la nane ikatoka chembe ndogo nyekundu, kavu, kama kigaga cha kidonda.

Mwanabaraka akashika mdomo. Alidhani kuna mtu kapigwa.

"Si damu," Mudathir akasema. "Mninga."

Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na hata gogo likilala siku kadhaa bado kichwa chake hulia vilevile. Yeye aliutambua kama mama anavyotambua nepi ya mwanawe. Hapo Mwanabaraka naye akakumbuka la kwake: vijana wa turubai walikuja na nyundo zao, mbili, aliwaona wakigonga toka asubuhi, na kufika saa tano hakukuwa na kigingi kilichokuwa bado. Upepo wenyewe siku ile haukuwepo.

Bi Hija aliwauliza mbona wanamsema hivyo mtu aliyefiwa. Mudathir akakaa chini mbele yake, akamgeuzia uso wa nyundo, akamweleza kidogokidogo, namba ile ni nini na inafanya nini. Mama yake alisikiliza. Alisema zile namba aliziona, akadhani ni kama zile wanazoziandika kwenye viti vya shule, ili visiibwe. Kisha akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mikono mapajani.

"Basi nimekuuza," akasema.

Akapigiwa simu Bwana Edgar. Alisikiliza yote hadi mwisho, akauliza kama kuna mtu anayesikia. Mudathir akasema hapana, ingawa mkewe alikuwa ubavuni pake. Ndipo sauti ya Edgar ikageuka ya ofisini. Alisema yeye alimwelekeza aende getini Jumatatu. Hakumwambia alale na nyundo. Akakata. Mudathir akabaki na simu sikioni, kama mtu anayeendelea kuelezwa.

Mchana alikwenda kwa mjumbe wa mtaa, Mama Margareta, aliyekuwa anakaanga maandazi kibarazani. Alimpa kigoda, akamsikiliza bila kumkatiza, huku akigeuza maandazi. Wateja wawili walikuwa wamesimama pale wakisubiri, na wakaendelea kusubiri hata baada ya kuhudumiwa. Mwishowe Mama Margareta akasema yeye ni Mkristo lakini mila za pale anazijua: mfiwa hashitakiwi matangani. Hitima ni kesho. Angoje kesho ipite. Akileta polisi kwenye turubai la marehemu, mtaa ule hatakaa, wala mama yake.

Hakulisema kwa ubaya. Akamfungia maandazi manne kwenye gazeti, akakataa kulipwa. Mudathir alirudi nayo nyumbani, na siku ile hayakuliwa.

*

Jumapili alikwenda hitimani, kwa sababu kutokwenda kungekuwa tangazo. Alikaa mkekani karibu na nguzo. Dua ilipokwisha na kahawa kuanza kupita, Aiman alisogea mwenyewe, akakaa naye bega kwa bega, akammiminia. Aliyewaangalia kwa mbali aliona mfiwa anamshukuru jirani.

"Nyundo yako nzito, bwana miti."

"Uligonga mangapi?"

"Vigingi? Sikuhesabu." Aiman akanywa kidogo. "Usijiumize kichwa. Yameshapita, na hayakuuliza njia. Sikuvunja mlango wa mtu mie. Nilipewa na mama yako, kwa mikono yake miwili. Wakiulizwa watu, wa kwanza kuitwa ni yeye. Bibi wa miaka sabini na kitu, na presha ile, akae kwenye benchi la polisi? Haipendezi."

Akanyoosha mkono, akamwekea sawa kofia iliyokuwa imemlalia, kama kaka anavyomfanyia mdogo wake.

"Wewe huja kila mwezi, si ndiyo? Mwezi ujao uje nayo tena. Safari hiyo nitaiazima kwako mwenyewe, kwa adabu. Kunywa kahawa, inapoa."

Mudathir akanywa. Alimwambia mkewe baadaye kwamba katika yote aliyotendewa siku zile, hilo ndilo lililomchoma: aliambiwa kunywa, akanywa.

Kisha ikaja habari ya pilau. Hitima ikisomwa, kila nyumba ya uchochoro hupelekewa sahani. Bi Hija alisimama mlangoni na sahani mbili tupu za kubadilishia. Wasichana wakapita na sinia. Wakaingia nyumba ya kushoto, wakatoka. Wakapita mbele yake wakiangalia chini, wakaingia nyumba ya kulia. Harufu ilikuwa ya pilau lake, mdalasini wake, limepikwa kwenye sufuria lake. Wale wateja wa maandazi walikuwa wamefanya kazi yao.

Alirudisha sahani kabatini, akazipanga pale zilipokuwa.

*

Chumba cha Mudathir na sebule vimetengwa na ukuta usiofika bati. Alichomnong'oneza mkewe, mama yake alikisikia chote. Mudathir alikuwa anasema pengine anyamaze. Magogo yameshapita. Ataandika barua kuomba ahamishwe mlima mwingine, mbali, kazi ya vitalu vya miche, asishike tena nyundo maishani mwake. Mwanabaraka akamuuliza, na mwezi ujao je? Na mlima huo mwingine, Aiman hana miguu? Wakasikia ndala za Bi Hija.

"Toa karatasi," akasema.

"Mama, wakikuita..."

"Nitakwenda. Nina miguu."

Mudathir akaandika barua ya kujieleza kwa wakaguzi wa getini, mezani, wao wawili wamesimama. Alipomaliza Bi Hija aliomba kuona. Darasa lake lilikuwa la tatu, na alisoma kwa kidole, neno moja moja. Kidole kikasimama.

"'Nyundo iliazimwa.' Iliazimwa na nani? Kitu hakijiazimi."

Mudathir akachukua karatasi nyingine. Safari hii aliandika kwamba mama yake mzazi alimpa jirani. Kidole kikasimama tena. Bi Hija akasema hakuna mtu anayeitwa mama mzazi. Aandike Hija binti Salehe ndiye aliyeitoa, kwa mikono yake, kwa kutojua. Na aandike Mudathir ndiye aliyeileta nyumbani, kwa kujua. Kila mtu na lake. Barua ya tatu ndiyo iliyokwenda.

Waliondoka watatu kwa bajaji, alasiri hiyohiyo ya Jumapili, nyundo mapajani mwa Mudathir ndani ya kanga ya mkewe. Getini alikuwepo mkaguzi wa zamu, kijana mmoja anaitwa Brightson, anayemfahamu Mudathir kwa kazi. Aliwakaribisha kwa uchangamfu, akasema bwana miti mbona umewahi siku. Akaisoma barua. Akaisoma tena. Akafungua daftari lake, akashusha kidole, na uchangamfu ukamtoka usoni taratibu.

Lori lilipita Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Magogo arobaini na matatu ya mninga. Alama safi, namba hiyohiyo. Na aliyefungua geti ni yeye Brightson, na sahihi yake ndiyo hii.

Kuanzia hapo hakumwita tena bwana miti.

"Na wewe ulikuwa wapi wakati nyundo yako inagonga?"

"Nilikuwa nimebeba jeneza la baba yake."

Kalamu ya Brightson ikasimama. Aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Akasema maneno kama hayo ni mazuri sana yakiwa na mashahidi. Waliotembea naye, waliozika naye, waliolala naye turubaini: majina, kwa maandishi, yenye muhuri wa mjumbe, kabla ya kesho jioni. Bila majina, barua ile ni barua ya mwizi aliyewahi.

Akapiga simu. Askari walipokuja hawakuwa wakali. Walimwambia tu Mudathir atoe mkanda na kamba za viatu, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuviweka, akampa mama yake. Bi Hija akauviringisha mkanda vizuri, kuanzia kwenye chuma cha kufungia, akaushika. Akawaambia na yeye jina lake limo, mbona hawamchukui? Askari mmoja akasema bibi nenda nyumbani, ukihitajika utafuatwa. Neno hilo, utafuatwa, alirudi nalo njia nzima.

*

Jumatatu asubuhi Mwanabaraka alikwenda kituo cha polisi na chupa ya chai, akaambiwa asubiri nje, akasubiri. Bi Hija alikwenda kwa Mama Margareta. Mjumbe alipoambiwa Mudathir amewekwa ndani alizima jiko, maandazi yakiwa bado kwenye unga. Alichukua daftari la mtaa na kalamu mbili. Nadhani roho ilimsuta, maana yeye ndiye aliyesema ingojwe kesho.

Walianza nyumba ya mwanzo wa uchochoro. Bi Hija alitembea nyuma yake, hatua tatu.

Wa kwanza alisema alikuwa nyuma sana, watu wengi, hakuona mbele. Wa pili alisema jeneza hubebwa na kila mtu, nani anahesabu mabega? Wa tatu alisema aliona kanzu, na kanzu zote nyeupe. Mmoja, ambaye usiku ule wa Ijumaa aligawana na Mudathir shuka moja turubaini, alisema yeye akilala kalala, hajui nani alikuwa ubavuni. Mke wake aliyekuwa anafua akainua uso, akamtazama, akarudi kwenye beseni. Kijana wa bodaboda alikuwa mkweli kuliko wote: alisema, sista mjumbe, mie namwonaga Mudathir mtu safi kabisa, lakini Aiman ndiye anayenipa kazi ya kubeba mbao. Kisha akawasha pikipiki.

Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja alipunguza kidogo tu alichokiona.

Kufika adhuhuri ukurasa ulikuwa na tarehe juu na mistari yake mitupu. Mama Margareta alikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba ya msiba, akajipepea kwa daftari. Kwa nyuma mitambo ya umeme ya Kinyerezi ilikuwa inavuma kama kawaida yake. Vijana walikuwa wanafungua turubai, na Aiman amesimama katikati yao akiwaelekeza, mikono nyuma. Aliwaona. Akawapungia mkono, kwa heshima.

"Miaka ishirini na sita nakaa hapa," Mama Margareta akasema. "Sijaona mtaa mzima ukisahau kwa siku moja."

Bi Hija akasema twende nyumbani, basi, nikavae. Nikakae na mwanangu hukohuko.

Hawakuwa wamefika mbali, bibi mmoja kati ya wale wanaomkalia mjane akatoka kwa mlango wa uani, akawashika mikono. Akasema Bi Wahiba anawaita. Wote wawili. Wapitie nyuma.

Bi Wahiba ni mke wa marehemu, mama yake Aiman. Alikuwa ndani ya eda, siku ya nne, nguo nyeupe, miezi minne na siku kumi haruhusiwi kutoka. Chumba chake kina dirisha moja, linatazama mbele, kwenye njia. Pazia la dirisha lilikuwa limefungwa, lakini kwenye pembe limekunjwa kidogo, upana wa jicho. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Usingizi ulikuwa haujamshika toka Alhamisi.

Aliuliza daftari lile limepata jina?

"Halijapata, bibi," Mama Margareta akasema.

"Andika langu."

Bi Hija ndiye aliyemzuia. Alikaa kitandani karibu naye, akamshika goti.

"Wahiba. Ni mwanao."

"Namjua niliyemzaa. Hija, mwanamume wangu alitoka humu ndani mie nikiwa hapa dirishani. Wao watasahau, wana mambo mengi. Mie hiyo ndiyo picha ya mwisho niliyobakiwa nayo. Mbele kulia ni Mudathir. Walitaka kumpokea pale kwenye mtaro, akakataa. Kushoto, mtoto wa dada yangu. Nawajua wote wanane, mjumbe, nitakutajia. Aiman hayumo. Aiman alikuja nyuma, mwisho kabisa, anaongea na simu."

Akawataja, mmoja baada ya mwingine, na Mama Margareta akaandika. Akaongeza na la pili, bila kuulizwa: Ijumaa usiku alisikia mwanawe ukumbini akimwambia mtu kwamba kazi imalizike kabla ya swala ya asubuhi, kwa kuwa chombo kinatakiwa kurudi. Alidhani ni sufuria. Mama Margareta akauliza, na hilo liandikwe? Bi Wahiba akasema liandikwe. Akapewa kalamu, akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, nukta zote mahali pake.

Mama Margareta alilifunga daftari ndani ya kanga, akatokea uani, akaenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka getini. Kijana wa bodaboda ndiye aliyempeleka. Hakuuliza nauli.

Bi Hija akainuka naye aende. Bi Wahiba akamshika ushungi.

"Usiniache na Aiman," akasema.

Akakaa.

Haukupita muda, hatua zikaja ukumbini, zikasimama mlangoni. Mlango wa chumba huachwa wazi mchana, linabaki pazia tu, na pazia haligusi sakafu. Chini yake ilionekana miguu ya mwanamume, ndani ya makubadhi ya marehemu.

"Mama. Mjumbe alifuata nini?"

"Majina ya waliombeba baba yako."

Nje turubai lilianguka chini mara moja, vijana wakacheka.

"Umempa?"

"Nimempa niliyoyaona."

Miguu haikuingia wala haikuondoka. Bi Hija alitandika mkeka, akajilaza mlangoni kabisa, upande wa ndani, kati ya pazia na kitanda. Alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Lala, Wahiba. Mie niko macho." Lakini naye alikuwa hajalala tangu Jumamosi, ameutembea mtaa mzima kwa miguu yake yenye uvimbe, na haikuchukua muda, mkono wake ukalegea na pumzi yake ikawa nzito.

Bi Wahiba, kama alivyomweleza Bi Hija baadaye, alibaki peke yake anatazama chini ya pazia. Alitazama mpaka jua likahama kutoka ukutani. Miguu ilikuwa bado ipo. Akavuta shuka hadi mabegani, akageukia ukutani, akalala.